Kabla ya Dripu ya Kwanza: Kulinganisha Njia za Kuhifadhi Uzazi kwa Mwanamke Anayekwenda Kupata Tibakemikali

Mwaka wa kwanza niliofanya kazi katika chumba cha dawa za saratani, mgonjwa mmoja wa miaka 29, ambaye ndoa yake ilikuwa haijatimiza hata mwaka, alinishika mkono wakati ile dawa nyekundu iitwayo doksorubisini ikiingia kwenye mshipa wake. Ilikuwa dozi ya tatu. Alitazama kwanza kama mama mkwe wake bado yuko nje kwenye benchi, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Sista, hivi nitazaa?" Nilimpa maneno ya kumtuliza, kwa sababu sikuwa na mengine ya kumpa. Swali lake lilikuwa la haki kabisa, lakini lilikuwa limechelewa kwa wiki 6, kwani karibu kila njia nzuri ya kulinda uzazi sharti itangulie dozi ya kwanza, na siku alipopewa majibu yake hakuna aliyemgusia jambo hilo.

Maelezo haya nawaandikia wale ambao bado hawajaanza dawa, pamoja na mume, mama au dada anayeambatana na mgonjwa kliniki. Nitalinganisha kwanza dawa zenyewe, kwa sababu hazina ukali mmoja kwa ovari, halafu vipimo vya homoni, kisha njia za kuhifadhi uzazi, na nitasema waziwazi ni ipi ningeitanguliza na kwa nani.

Ghala lisilopokea shehena mpya

Mwanaume mzima hutengeneza mbegu mpya kila siku. Mwanamke hana karakana ya namna hiyo. Huzaliwa na ghala lililokwisha kujazwa, lenye mayai kati ya milioni 1 na milioni 2, na tangu siku hiyo hesabu hupungua tu. Anapovunja ungo hubaki na mayai yapatayo 300,000 hadi 400,000, katika maisha yake yote hupevusha kama 400 au 500, na hedhi hukoma pale yanapobaki kama 1,000 hivi. Tibakemikali huiharakisha safari hiyo iliyokwisha kuanza, na wakati mwingine huimaliza kwa miezi michache.

Kila yai limo ndani ya kifuko kidogo sana kiitwacho folikuli. Folikuli nyingi zimelala: yai moja, limezungukwa na safu moja ya seli bapa, limekaa hivyo bila kukua kwa miaka 10, 20 au hata 40. Kila mara chache kati yake huamka na kuanza kukua, safari ya miezi kadhaa, na zile seli zilizolizunguka yai, ambazo wataalamu huziita seli za granulosa, hugawanyika mara nyingi hadi kuwa tabaka nene. Seli hizo ndizo kiwanda cha homoni. Hutoa estradioli, ambayo hujenga ukuta wa mfuko wa uzazi, hulinda mifupa na kuupa uke unyevu wake. Na hutoa AMH, homoni ambayo kazi yake mojawapo ni kuzizuia folikuli zilizolala zisiamke zote kwa mkupuo.

Dawa nyingi za saratani huwinda seli zinazogawanyika haraka, kwa hiyo folikuli zinazokua ndizo za kwanza kuanguka. Hii ndiyo sababu hedhi huweza kukatika baada ya dozi moja au mbili, sawa na nywele zinavyonyonyoka. Kama madhara yangeishia hapo, ghala lingekuwa salama na hedhi ingerudi kama ilivyokuwa. Lakini kundi moja la dawa, ambalo kinara wake ni saiklofosfamaidi, halisubiri seli igawanyike. Dawa hiyo ikishageuzwa na ini kuwa sumu kamili, huzibana pamoja nyuzi mbili za DNA na kuzikata, hata ndani ya yai lililolala, na yai linapoona kwamba vinasaba vyake vimekatika kiasi cha kutorekebishika hujiua lenyewe. Jambo la pili ni kwamba folikuli zinazokua zikifa kwa wingi, breki ya AMH huachia, zilizolala huamka kwa makundi, na zinakuta dozi inayofuata ikizisubiri. La tatu ni mishipa midogo ya damu ya ovari, ambayo huharibika na kuacha makovu kwenye tabaka la juu, mahali hasa folikuli zilizolala zinapokaa.

Dawa hazina ukali mmoja

Ndiyo maana swali la kwanza kumwuliza daktari ni jina la mpango wa dawa na idadi ya dozi, kabla ya kuuliza kama dawa zitagusa uzazi. Mfano ulio wazi zaidi ni saratani ya tezi za limfu iitwayo Hodgkin, ambayo huwapata vijana wengi. Mpango uitwao ABVD, wenye doksorubisini, bleomisini, vinblastini na dakabazini, humwacha mwanamke kijana na ovari zinazofanya kazi katika wagonjwa wengi. Uwezekano wa hedhi kukatika moja kwa moja huwekwa chini ya asilimia 20. Mpango mkali wa BEACOPP, unaotumika ugonjwa ukiwa umeenea, una saiklofosfamaidi na prokabazini, na hatari yake kwa ovari ni kubwa mno kuliko ya ABVD. Ugonjwa ni ule ule, na mgonjwa ni wa umri ule ule, ila ghala litakalobaki ni tofauti kabisa.

Katika saratani ya titi, umri huhesabika sawa na dawa yenyewe. Dozi 4 za doksorubisini pamoja na saiklofosfamaidi, mpango uitwao AC, humweka mwanamke wa chini ya miaka 40 katika kundi la hatari ndogo, na aliyefika 40 katika kundi la kati. Dozi 6 za mpango wa zamani wa CMF, ambao hukusanya saiklofosfamaidi nyingi zaidi, humweka mwanamke wa chini ya miaka 30 katika hatari ndogo, wa miaka 30 hadi 39 katika hatari ya kati, na wa miaka 40 na kuendelea katika hatari inayozidi asilimia 80. Sababu haijifichi: dawa ile ile ikifuta nusu ya ghala la msichana wa miaka 22, bado anabaki na nusu ya ghala kubwa, ilhali mwenye miaka 41 anabaki na nusu ya kichache.

Methotreksati na vinkristini ziko upande wa usalama. Wanawake waliotibiwa kwa methotreksati peke yake kwa sababu ya koriokasinoma, saratani ya kondo la nyuma ambayo Min Chiu Li na Roy Hertz walionyesha mwaka 1956 nchini Marekani kwamba inatibika kwa dawa hiyo, huendelea kuzaa bila shida mara nyingi. Sisplatini iko katikati.

Upande wa hatari kubwa kuliko zote wako wagonjwa wanaoandaliwa kupandikizwa uboho, ambao hupewa busalfani au saiklofosfamaidi kwa kiwango cha juu sana ili kufuta uboho wa zamani. Kundi hili linawahusu watu wetu zaidi ya wanavyodhani, kwa sababu selimundu ni ugonjwa wa nyumba nyingi kuanzia Kanda ya Ziwa hadi Kongo, na upandikizaji wa uboho ni tiba yake. Hali kadhalika kuna wanawake wenye lupasi, ugonjwa wa kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe, iliyoshambulia figo, ambao hawana saratani kabisa lakini hupewa saiklofosfamaidi. Nao wana haki ya mazungumzo haya haya.

Karatasi ya maabara na hedhi inayodanganya

Kuna vipimo vitatu ambavyo mwanamke atakutana navyo, na kila kimoja husema jambo tofauti. FSH hutoka kwenye tezi iliyo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuziita folikuli zikue. Ovari zikiwa hazijibu, tezi hupandisha sauti, na FSH hupanda. Estradioli hutoka kwenye ovari zenyewe, na hushuka pale folikuli zinazokua zinapokwisha. AMH hutoka kwenye folikuli ndogo zilizoanza kukua, kwa hiyo hukadiria ukubwa wa ghala vizuri zaidi kuliko vipimo vile viwili.

Wakati wa tibakemikali AMH hushuka haraka, mara nyingi hadi kiwango ambacho mashine haiwezi kukisoma. Nimewaona wagonjwa wakilia mbele ya karatasi hiyo, na ninawaomba wasiisome katikati ya matibabu, kwani wakati huo inaonyesha tu kwamba folikuli zinazokua zimekufa, jambo tulilokwisha kulijua. Kipimo chenye maana ni kile cha kabla ya dozi ya kwanza, ambacho hutabiri kwa kiasi fulani nani atabaki na akiba, na kile kinachofanyika mwaka mmoja au zaidi baada ya dozi ya mwisho, folikuli mpya zikishapata muda wa kuamka. Aliyeanza na AMH ya juu na umri mdogo ana nafasi kubwa ya kuiona ikipanda tena, ingawa mara chache hurudi ilipokuwa.

Hedhi ndiyo shahidi ambaye watu humwamini kuliko wote, na ndiye asiyestahili imani hiyo. Kurudi kwa hedhi hakumaanishi kwamba ghala lilisalimika. Mwanamke anaweza kupata siku zake kila mwezi kwa miaka kadhaa na hedhi ikakoma akiwa na miaka 38. Kadhalika kukosekana kwa hedhi kwa miezi 6 hakumaanishi utasa, wala si kinga ya mimba. Madaktari husema ovari zimechoka mapema pale hedhi inapopotea kwa miezi 4 au zaidi kabla ya umri wa miaka 40 na FSH ikawa juu ya 25, na hata hapo yai moja moja huweza kupevuka bila taarifa. Anayetumia tamoksifeni, kidonge cha saratani ya titi inayolishwa na homoni, huwa na hesabu ngumu zaidi, kwa kuwa dawa hiyo huvuruga hedhi na kupandisha estradioli, hivyo karatasi ya maabara inaweza kuonyesha sura isiyo ya ovari zenyewe.

Mayai au viinitete

Hizi ni njia mbili zenye mwanzo mmoja. Mwanamke huchomwa sindano za homoni kila siku kwa muda wa siku 10 hadi 14 ili folikuli nyingi zikue kwa pamoja, hufuatiliwa kwa ultrasaundi, kisha hulazwa usingizi mfupi na mayai huvunwa kwa sindano ndefu inayopita ukeni. Zamani ilimlazimu kusubiri siku ya kwanza ya hedhi ndipo aanze, na wiki hizo za kusubiri ziliwanyima wengi nafasi. Siku hizi sindano huanzishwa siku yoyote ya mwezi, na matokeo hayapungui. Mgonjwa wa saratani ya titi inayolishwa na homoni huongezewa letrozoli, kidonge kinachoizuia estradioli isipande hadi viwango vikubwa ambavyo uchocheaji wa kawaida huvifikisha.

Njia hizi hutengana baada ya mayai kuvunwa. Anayegandisha mayai hugandisha yaliyo yake peke yake. Anayegandisha viinitete huyarutubisha kwanza kwa mbegu za mume, na kinachowekwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, ni mali ya watu wawili. Kitaalamu viinitete vina historia ndefu zaidi: mtoto wa kwanza aliyetokana na kiinitete kilichogandishwa alizaliwa Australia mwaka 1984, na yai likafuata miaka miwili baadaye, huko huko. Yai lina maji mengi, na fuwele za barafu zilikuwa zikilipasua, hadi ilipopatikana mbinu ya kugandisha kwa kasi inayoligeuza kuwa kama kioo kabla fuwele hazijaumbika. Mwishoni mwa 2012 chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani kilitangaza kwamba kugandisha mayai si jambo la majaribio tena.

Kwa kuwa tofauti ya kitaalamu imekuwa ndogo, mizani huamuliwa na maisha ya mtu. Kiinitete humfaa aliye katika ndoa imara na ambaye yeye na mumewe wamekubaliana kwa moyo mmoja. Faida yake ni kwamba wanajua mapema ni vingapi vimepatikana, bila kusubiri miaka ndipo wagundue kwamba mayai hayakurutubishika. Yai humfaa msichana, mjane, aliyeachika, na hata mwenye mume lakini anayetaka mlango ubaki wazi. Nimeona ndoa zikiyumba katika mwaka wa matibabu, na viinitete vya watu walioachana haviwezi kutumika bila ridhaa ya wote wawili, wakati mayai hayana mgogoro huo.

Imani nayo ina neno lake. Wanazuoni wengi wa Kiislamu wanaruhusu kurutubisha nje ya mwili ilimradi yai na mbegu ni za mume na mke ambao ndoa yao ingali hai, na hawaruhusu kiinitete kupandikizwa baada ya talaka au kifo. Kwa hiyo msichana wa Unguja au Mombasa ambaye hajaolewa atapata njia nyepesi zaidi katika mayai yake mwenyewe, yatakayorutubishwa siku atakapokuwa na mume. Kanisa Katoliki halikubali urutubishaji wa nje ya mwili wala kugandisha viinitete, na Mkatoliki anayelishika hilo atazitazama njia zinazofuata kwa uzito zaidi. Zungumza na sheikhe au padri wako katika siku hizo hizo chache, maana baada ya miaka mitano mazungumzo hayo yatakuwa na uchungu mwingi zaidi.

Upungufu wa njia zote mbili ni ule ule. Zinahitaji wiki 2 ambazo mgonjwa wa saratani ya damu kali hana, kwa kuwa dawa zake huanza ndani ya siku chache, na chembe sahani zake, zile zinazogandisha damu, zikiwa chini uvunaji unaweza kusababisha kutoka damu nyingi. Haziwezekani kwa mtoto ambaye hajavunja ungo. Gharama ni kubwa, na katika Afrika Mashariki huduma hii iko zaidi kwenye kliniki binafsi za miji mikubwa, mbali na wodi nyingi za saratani. Tena hakuna anayeweza kukuahidi mtoto: mwenye miaka chini ya 35 mara nyingi huvuna mayai 10 au zaidi kwa mzunguko mmoja, lakini mengine hayatastahimili kuyeyushwa, mengine hayatarutubishwa, mengine hayatajishikiza.

Sindano ya kila mwezi

Goserelini ni kipande kidogo kama punje ya mchele, kinachochomwa chini ya ngozi ya tumbo kila baada ya siku 28, miligramu 3.6, kwa sindano nene kidogo kuliko zile tulizozizoea. Huzituliza ovari kwa kuzikatia amri kutoka kwenye tezi iliyo chini ya ubongo. Ni lazima ianze angalau wiki 1 kabla ya dozi ya kwanza ya tibakemikali, kwa sababu katika siku za mwanzo huzichochea ovari kabla ya kuzilaza.

Ushahidi wake wenye nguvu umetoka katika saratani ya titi. Jaribio la POEMS, lililochapishwa mwaka 2015, liliwachukua wanawake ambao saratani yao hailishwi na homoni: ovari zilishindwa kwa asilimia 8 ya waliopata goserelini na asilimia 22 ya waliopata tibakemikali peke yake, na waliopata mimba walikuwa wengi zaidi katika kundi la kwanza. Uchambuzi wa mwaka 2018 uliojumlisha majaribio matano yenye wanawake 873 ulipata asilimia 14.1 dhidi ya 30.9. Kwa wagonjwa wa saratani ya tezi za limfu, majaribio hayakuonyesha kinga ya namna hiyo.

Ukiisimamisha kando ya mayai yaliyogandishwa, sindano ina mazuri yake: haihitaji maabara ya uzazi, haigusi suala lolote la ndoa wala dini, muuguzi yeyote aliyefundishwa anaweza kuichoma, na kwa mgonjwa wa saratani ya damu huzuia hedhi nzito wakati chembe sahani zimeshuka. Huleta joto la ghafla, jasho la usiku na ukavu wa uke, ambavyo hupungua inapoachwa. Ila haihifadhi yai hata moja mahali salama. Folikuli zilizolala hazina hata vipokezi vya FSH, hivyo namna inavyozilinda ingali ikijadiliwa, na ikishindwa huna pa kurudi. Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba sindano iongezwe juu ya kugandisha, isiwe badala yake. Asiyeweza kugandisha kwa sababu ya fedha au umbali aichukue bila kusitasita, hasa akiwa na saratani ya titi.

Kipande cha ovari

Njia hii ndiyo ngeni zaidi kwa wasomaji wengi. Kwa upasuaji wa matundu madogo, ovari moja au vipande vya tabaka lake la juu huondolewa, hukatwa vipande vyembamba na kugandishwa. Tabaka hilo lina unene wa milimita moja hivi, na ndimo yalimojaa maelfu ya mayai yaliyolala. Haihitaji siku za sindano, na inaweza kufanyika ndani ya siku chache. Baada ya kupona, vipande hurudishwa mwilini. Inachukua kama miezi 4 au 5 ndipo homoni na hedhi zirudi, na mwanamke anaweza kushika mimba kwa njia ya kawaida chumbani kwake. Mtoto wa kwanza wa njia hii alizaliwa Ubelgiji mwaka 2004 chini ya uangalizi wa Profesa Jacques Donnez, mama yake akiwa amepona saratani ya Hodgkin.

Kisa kinachonigusa zaidi ni cha binti aliyezaliwa Jamhuri ya Kongo akiwa na selimundu, akahamia Ubelgiji akiwa na miaka 11. Kabla ya kupandikizwa uboho wa kaka yake, ovari yake moja iligandishwa; alikuwa hajafikisha miaka 14 na hajaona hedhi yake ya kwanza. Ovari iliyobaki ilishindwa kufanya kazi baada ya dawa. Miaka zaidi ya 10 baadaye vipande vilirudishwa, hedhi ikarudi, na mwezi Novemba 2014, akiwa na miaka 27, alijifungua mtoto wa kiume mwenye afya. Kwa mtoto ambaye hajavunja ungo, hakuna njia nyingine ya kuhifadhi mayai, na mzazi anayempeleka bintiye kupandikizwa uboho, iwe ndani ya nchi au nje, aiulize hospitali hiyo swali hili kwa jina lake.

Ukiilinganisha na mayai, kipande cha ovari hurudisha pia homoni, jambo ambalo yai kwenye naitrojeni haliwezi. Upande wa pili, inahitaji upasuaji mara mbili, hupunguza ghala la ovari zilizopo, na inahitaji maabara ambayo hospitali za kawaida hazina. Kwa saratani ya damu iko hatari ya kurudisha seli za ugonjwa pamoja na kipande, na ndiyo maana madaktari huwa waangalifu sana hapo. Kwa mwanamke wa miaka 38 na kuendelea singeitanguliza, kwa kuwa mayai yaliyomo ni machache mno kulingana na upasuaji atakaoubeba.

Kuanza dawa bila kuhifadhi chochote

Hili nalo ni chaguo, na si la aibu. Msichana wa miaka 24 anayekwenda kupata ABVD ana sababu nzuri ya kutumaini ovari zake. Mwanamke mwenye watoto wanne ambaye hataki wa tano hana haja ya kujisumbua. Na yule ambaye ugonjwa wake unambana pumzi hapaswi kucheleweshwa hata siku moja. Ninachokipinga ni mtu kuingia humo kwa kutoambiwa.

Neno moja kwa wenye saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa Afrika Mashariki. Matibabu yao, ugonjwa ukiwa umesogea, huwa ni mionzi ya nyonga pamoja na sisplatini, na mionzi huumiza ovari na mfuko wa uzazi kwa pamoja. Kugandisha mayai hakutamrudishia mwanamke mfuko wa kubebea mimba, kwa hiyo wasiuziwe tumaini hilo. Kwao la kuuliza ni kama ovari zinaweza kusogezwa juu kwa upasuaji, nje ya njia ya mionzi, ili homoni zisikatike.

Baada ya dozi ya mwisho

Folikuli huchukua miezi kadhaa kukua, hivyo yai linalopevuka muda mfupi baada ya tibakemikali lilikuwa njiani wakati dawa zikipita. Ndiyo sababu mimba hukatazwa wakati wa matibabu na kwa miezi 6 hadi 12 baadaye, wakati mwingine zaidi kulingana na dawa na hatari ya ugonjwa kurudi. Na ndiyo sababu hiyo hiyo mayai yavunwe kabla ya dozi ya kwanza, si katikati ya dozi. Kwa mwenye saratani ya titi inayolishwa na homoni, ambaye anatakiwa kunywa dawa za kuzuia homoni kwa miaka 5 hadi 10, jaribio la POSITIVE lililochapishwa mwaka 2023 liliwafuatilia wanawake zaidi ya 500 wa umri usiozidi miaka 42 waliosimamisha dawa baada ya miezi 18 hadi 30 ili wazae. Katika miaka 3 ya mwanzo ugonjwa ulirudi kwa kiwango kilichokaribiana na cha wasiosimamisha, asilimia 8.9 dhidi ya 9.2, na takriban robo tatu walishika mimba. Ufuatiliaji wa miaka mingi zaidi ungali unaendelea, kwa hiyo kusimamisha dawa kufanywe na daktari, kwa tarehe ya kuacha na tarehe ya kurudia.

Aliyepoteza homoni zake mapema, hata kama hataki mtoto, apimwe mifupa na azungumze kuhusu homoni za kurudishiwa hadi umri wa kawaida wa kukoma hedhi, ila mwenye saratani ya titi inayolishwa na homoni hafai kupewa homoni hizo.

Kwa anayechagua kugandisha, kliniki itampa mkataba, na ningeomba ausome pamoja na mtu mtulivu zaidi yake siku hiyo. Aangalie ada ya kuhifadhi inalipwa kila mwaka na nani, na nini hutokea ikichelewa mwaka ambao bado yuko hospitali. Aulize nani anaongeza naitrojeni kwenye tangi, kila baada ya siku ngapi, na kama kuna kengele inayolia ikipungua. Aulize kama mayai yanaweza kuhamishiwa nchi nyingine. Na pale penye nafasi ya kuandika yafanyiwe nini iwapo mwenyewe atafariki, aijaze kwa mkono wake, bila kumwachia mume wala mama mkwe.